Mwalimu wa Kigiriki kutoka Macon

Mwaka 1833 au 1834, kijana mweusi aitwaye Alexander Crummell alikuwa tarishi katika ofisi ya wapinzani wa utumwa jijini New York. Siku moja waliingia mawakili wawili wa Boston waliokuwa wakirejea kutoka Washington, wakasimulia waliyoyasikia mezani wakati wa chakula cha jioni. John C. Calhoun, mwanasiasa mkubwa wa South Carolina aliyewahi kuwa Makamu wa Rais, alisema kwamba siku atakapopatikana Mweusi anayeijua sarufi ya Kigiriki, ndipo atakapoamini kuwa Mweusi ni binadamu na anastahili kutendewa kibinadamu. Crummell aliyabeba maneno hayo moyoni kwa zaidi ya miaka sitini. Alipoyasimulia hadharani alikuwa mzee, na Calhoun alikwisha kufa zamani. Swali alilomrudishia marehemu lilikuwa la wazi kabisa: Calhoun mwenyewe alikwenda Yale kufundishwa hicho Kigiriki, mbona kwa Mweusi alitaraji kiote chenyewe kichwani, bila shule wala mwalimu?

Uzito wa kauli ile hauonekani mpaka mtu ajue chuo kikuu kilikuwa nini wakati ule. Harvard na Yale hazikumpokea kijana asiyejua Kilatini na Kigiriki. Mtihani wa kuingia ulimtaka asome Virgil na Cicero bila kubabaika, na akishaingia alikaa miaka na Homer, Xenophon, Livy na Horace. Wanahistoria wa Ugiriki na Roma ndio waliomfundisha siasa, wasemaji wa Athens ndio waliomfundisha kuhutubia. Mchungaji, wakili, hakimu na seneta wote walipita mlango huo mmoja. Kwa hiyo aliyenyimwa Kigiriki hakunyimwa somo moja katika ratiba. Alinyimwa uongozi wa nchi, kisha akaambiwa kuwa kunyimwa kwake ni ushahidi wa upungufu wa akili yake.

Na mabwana wa Kusini waliishi na Roma nyumbani kwao. Majumba yao yalisimama juu ya nguzo nyeupe kama mahekalu. Watumwa wao waliwapa majina ya Pompey, Caesar, Cato na Scipio. Walipotaka kutetea biashara yao walimwita Aristotle shahidi, kwa kuwa katika kitabu cha kwanza cha *Siasa* anasema wako watu ambao kwa asili yao ni watumwa. Thomas Jefferson, katika kitabu chake kuhusu Virginia kilichotoka miaka ya 1780, alikwenda mbali zaidi. Alikiri kuwa Roma ilikuwa na watumwa wasomi, akawataja Epictetus, Terence na Phaedrus, kisha akahitimisha kwamba hao walikuwa weupe. Suetonius, mwandishi Mroma, anasema Terence alizaliwa Carthage, Afrika ya Kaskazini, na jina lake la mwisho lilikuwa Afer, yaani Mwafrika. Phillis Wheatley, msichana aliyeletwa Boston kwa meli ya watumwa mwaka 1761 akiwa na umri wa miaka saba hivi, alilijua jambo hilo. Alijifunza Kilatini nyumbani kwa mabwana zake, na katika diwani yake iliyochapishwa London mwaka 1773 alimtaja Terence kwa fahari kama ndugu wa asili yake. Jefferson aliisoma diwani hiyo akaidharau. Mimi naona katika mgongano wa hao wawili, rais mtarajiwa na msichana mtumwa, tayari kuna kesi yote itakayosikilizwa kwa miaka mia na zaidi: Roma na Ugiriki ni mali ya nani?

Crummell alianza kwa kuitafuta shule. Mwaka 1835 yeye na wenzake wachache walisafiri mpaka kijiji cha Canaan, New Hampshire, ambako chuo kidogo kiitwacho Noyes Academy kilikubali kuwapokea weusi na weupe pamoja. Mwezi Agosti wakazi wa eneo hilo walileta makundi ya ng'ombe wa kukokota, wakaifunga nyumba ya shule kwa minyororo, wakaing'oa kwenye msingi wake na kuiburuta. Crummell hakukata tamaa. Baada ya miaka mingi ya kuhangaika alivuka bahari, akaingia Queens' College, Cambridge, akasoma Kigiriki huko na kupata shahada mwaka 1853. Kisha akaenda Liberia, akakaa huko karibu miaka ishirini.

Huo ndio ulimwengu aliozaliwa William Sanders Scarborough, mjini Macon, Georgia, tarehe 16 Februari 1852. Sheria ilisema mtoto hufuata hali ya mama, na mama yake, Frances, alikuwa mtumwa. Baba yake, Jeremiah, alikwisha kupata uhuru na alifanya kazi kwenye reli. Bwana wa Frances alimruhusu aishi na mumewe, hivyo mtoto alikulia katika nyumba yenye utulivu ambao wengi hawakuuonja. Lakini kumfundisha mtumwa kusoma ilikuwa kosa la jinai katika Georgia. Willie mdogo alitoka nyumbani na vitabu vyake vimefichwa, watu wakidhani anakwenda kucheza, kumbe anakwenda kusoma. Miongoni mwa waliomfundisha kwa siri alikuwa jirani mmoja Mzungu, J. C. Thomas. Alijifunza pia ushonaji wa viatu, kwa sababu wazazi walitaka awe na kazi ya mikono hata kama kichwa chake kimejaa vitabu.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipokwisha mwaka 1865 alikuwa na miaka kumi na mitatu, na kile alichokifanya kwa kujificha kikawa halali. Alisoma Lewis High School iliyofunguliwa mjini kwao kwa ajili ya watoto wa walioachwa huru, akamaliza mwaka 1869, akaenda Atlanta University. Chuo hicho kilikuwa ndiyo kwanza kinainua majengo yake. Rais wake, Edmund Asa Ware, alihitimu Yale, na aliwafundisha vijana waliozaliwa utumwani vitabu vile vile alivyosomeshwa yeye. Mwaka 1871 serikali ya Georgia ilituma kamati ikague mitihani. Mwenyekiti wake alikuwa Joseph E. Brown, aliyekuwa gavana wa jimbo hilo wakati wa vita, mtu aliyeongoza Georgia kupigana ili utumwa ubaki. Kamati ilikaa ikawasikiliza vijana wakichambua Kilatini na Kigiriki, na katika ripoti yake ikakiri kwamba dhana iliyoenea, kuwa watu wa asili ya Afrika hawawezi elimu ya juu, imepatikana kuwa na makosa. Aliyeandika hayo hakuwa rafiki wa weusi, na ndiyo maana ripoti hiyo ina uzito.

Scarborough alitoka Atlanta akaenda Oberlin, Ohio, na hapa inafaa tutulie kidogo, kwa sababu Oberlin haikuwa chuo cha kawaida. Tangu mwaka 1835 ilipokea weusi, na iliwapokea wanawake pia. Palikuwa na njia mbili za masomo: njia fupi ya fasihi iliyopendekezwa kwa wanawake, na njia ndefu ya miaka minne, yenye Kigiriki na Kilatini, iliyoitwa ya waungwana, maana yake wanaume. Wanawake hawakukatazwa kuifuata njia ndefu, ila walishauriwa wasijisumbue.

Fanny Jackson hakuusikiliza ushauri huo. Alizaliwa mtumwa Washington mwaka 1837, shangazi yake akamnunulia uhuru kwa dola 125, pesa alizoziweka kidogo kidogo kutoka katika mshahara wa kazi za ndani. Huko Oberlin alichagua njia ya waungwana akahitimu mwaka 1865. Aliandika baadaye kwamba kila aliposimama darasani kujibu swali alihisi heshima ya watu wote wa asili ya Afrika imo mabegani mwake, kwa maana angekosea, wangesema ndivyo walivyo. Alikwenda Philadelphia kufundisha Kigiriki na Kilatini katika Institute for Colored Youth, na mwaka 1869 akawa mkuu wa shule hiyo.

Baada yake alikuja Mary Church, binti wa tajiri mweusi wa Memphis. Marafiki walimsihi aachane na Kigiriki, wakamwuliza atampata wapi mwanamume mweusi aliyesoma Kigiriki wa kumwoa. Siku moja mwandishi Mwingereza Matthew Arnold alitembelea Oberlin, na mwalimu akamwita Mary asome na kutafsiri Kigiriki mbele ya mgeni. Alisoma vizuri. Arnold alipoambiwa kuwa msichana yule ni wa asili ya Afrika alishangaa, kwa sababu alikuwa amefahamishwa kuwa ulimi wa Mwafrika ni mzito mno, hauwezi kutamka Kigiriki. Mary alihitimu mwaka 1884, mwaka mmoja na Anna Julia Cooper, aliyezaliwa utumwani North Carolina. Cooper akiwa msichana wa shule ya kanisa alilazimika kupigania ruhusa ya kukaa katika darasa la Kigiriki, kwa kuwa darasa liliwekwa kwa ajili ya wavulana waliotarajiwa kuwa wachungaji. Wote wawili, Mary na Anna, walikuja kufundisha Washington, katika shule ya M Street. Huko Mary alimsaidia kazi mkuu wa somo la Kilatini, Robert Terrell, kijana mweusi aliyehitimu Harvard, na ndiye aliyemwoa. Swali la marafiki likapata jibu lake.

Katika historia nyingi za somo hili wanawake hawa hupewa sentensi moja. Hiyo si haki. Wavulana weusi walioingia vyuo vikuu vikubwa mwanzoni mwa karne ya ishirini waliandaliwa na walimu kama hao, na bila wao Scarborough angekuwa mtu wa pekee badala ya kuwa mmoja wa kizazi.

Scarborough mwenyewe alihitimu Oberlin mwaka 1875 akarudi Macon kufundisha katika shule iliyomlea. Shule hiyo iliteketea kwa moto uliowashwa kwa makusudi. Majeshi ya serikali kuu yalikuwa yakiondoka Kusini, na walioshindwa vitani walikuwa wakirudisha mamlaka yao kwa bunduki na kwa kura zilizoibwa. Mwaka 1877 alihamia Ohio, akaajiriwa kuwa profesa wa Kilatini na Kigiriki katika Wilberforce University.

Wilberforce ilikuwa na historia inayofanana naye. Ilianzishwa mwaka 1856, ikafungwa wakati wa vita, na mwaka 1863 Askofu Daniel Payne wa Kanisa la AME, kanisa la Wamethodisti weusi, aliinunua kwa dola 10,000 ambazo wakati anaahidi kulipa hakuwa nazo. Usiku ule ule Rais Lincoln alipopigwa risasi, tarehe 14 Aprili 1865, jengo kuu la chuo liliteketea kwa moto. Waumini maskini walichanga wakalijenga upya. Hiki ndicho chuo kikuu cha kwanza kumilikiwa na kuendeshwa na Wamarekani Weusi wenyewe, na Scarborough alitaka somo lake huko liwe na kiwango kile kile cha vyuo vikubwa vya mashariki.

Mwaka 1881 kampuni ya A. S. Barnes ya New York ilichapisha kitabu chake cha kufundishia, *First Lessons in Greek*. Sehemu ya kwanza ni masomo ya sarufi: majina na vinyambuo vyake, vitenzi na nyakati zake, na mazoezi ya kutafsiri huku na huku. Sehemu ya pili ni vifungu vya Xenophon, kutoka *Anabasis* na *Memorabilia*. *Anabasis* ni habari za askari wa kukodi wa Kigiriki wapatao elfu kumi waliobaki katikati ya milki ya Uajemi mwaka 401 KK, kiongozi aliyewaajiri ameuawa, majemadari wao wamekamatwa kwa hila, na ikawabidi watafute njia ya kurudi kwao kwa miguu. Lugha yake ni nyepesi na safari yenyewe inasisimua, hivyo karibu kila mwanafunzi wa Kigiriki wa karne ile alianzia hapo. Sasa alianzia hapo akiongozwa na mtu aliyezaliwa mtumwa. Kitabu kiliandikwa kwa mwanafunzi yeyote, hakikuandikwa kwa weusi tu, na ndani yake hakuna neno hata moja la kujitetea. Kuna kanuni, mifano na mazoezi. Hilo ndilo jibu bora alilopewa Calhoun, na naamini Scarborough alijua analomjibu.

Mwaka huo huo alimwoa Sarah Bierce, mwalimu Mzungu aliyefahamiana naye walipokuwa wakifundisha Macon. Ndoa yao ilidumu mpaka kifo, katika nchi ambayo majimbo mengi yaliihesabu ndoa kama hiyo kuwa kosa.

Mwaka 1882 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Chama cha Filolojia cha Marekani, jumuiya ya wataalamu wa lugha za kale. Alikuwa Mweusi wa tatu. Wa kwanza alikuwa Richard Greener, Mweusi wa kwanza kuhitimu shahada ya kwanza Harvard, mwaka 1870. Greener alifundisha University of South Carolina katika ile miaka michache, 1873 hadi 1877, chuo hicho kilipofungua milango kwa weusi. Siasa zilipogeuka chuo kikafungwa naye akapoteza kazi.

Wa pili alikuwa Edward Wilmot Blyden, mzaliwa wa kisiwa cha St. Thomas aliyehamia Liberia akiwa kijana, na mawazo yake yanastahili kuelezwa kwa urefu. Blyden alifundisha Kigiriki na Kilatini katika Liberia College. Mwaka 1881, alipokuwa akishika urais wa chuo hicho, alitoa hotuba kuhusu elimu inayomfaa Mwafrika. Alisema fasihi ya Ulaya ya karne za karibuni imeingiwa na sumu: iliandikwa wakati wa biashara ya watumwa, na kijana mweusi akiisoma anajikuta anatukanwa kila baada ya kurasa chache. Homer, Herodotus na Virgil waliandika kabla ya sumu hiyo. Waethiopia wa Homer ni watu wasio na lawama, ambao miungu huenda kula karamu kwao. Kwa hiyo Mwafrika anaweza kuinoa akili yake kwa vitabu vya kale bila kujeruhiwa nafsi. Lakini hakuishia hapo. Alitaka chuo kifundishe pia Kiarabu, kwa sababu Waislamu wa bara la Afrika Magharibi walikuwa na shule, vitabu na wanazuoni wao, na alitaka lugha za wenyeji zifundishwe vilevile. Blyden alijifunza Kiarabu akawatembelea wanazuoni hao. Kwake Kigiriki kilikaa meza moja na Kiarabu, na sidhani kama kulikuwa na profesa wa lugha za kale Ulaya au Marekani aliyeliona jambo hilo kwa uwazi kama yeye.

Scarborough hakuwa mtu wa hotuba kubwa za namna hiyo. Alikuwa mtu wa vitenzi. Aliandika kuhusu irabu inayounganisha shina la kitenzi cha Kigiriki na viambishi vyake, kuhusu tamthilia ya *Ndege* ya Aristophanes na namna ya kuifasiri, kuhusu Iphigenia wa Euripides akilinganishwa na yule wa Racine. Mwaka 1884 aliingia pia katika Chama cha Lugha za Kisasa, akiwa Mweusi wa kwanza. Alikwenda mikutanoni mwaka baada ya mwaka, kwa nauli ya mfukoni mwake, na kwenye majedwali ya mikutano jina lake limo kati ya maprofesa wa Harvard, Yale na Johns Hopkins.

Mwezi Julai 1892 mkutano wa Chama cha Filolojia ulifanyika University of Virginia. Chuo hicho kilianzishwa na Jefferson mwaka 1819, na Jefferson ndiye aliyekichorea jengo kuu, Rotunda, kwa kuiga hekalu la Pantheon la Roma. Watumwa ndio waliofyatua matofali na kuyapanga. Chini ya kivuli cha jengo hilo Scarborough alisimama akasoma karatasi yake kuhusu Plato, mbele ya wasomi wa Kusini na Kaskazini. Walimsikiliza. Katika hali ya Virginia ya mwaka ule, Mweusi kuwahutubia Wazungu juu ya falsafa ya Kigiriki, wao wameketi yeye amesimama kama mwalimu, lilikuwa tukio kubwa kuliko hoja yoyote iliyokuwa ndani ya karatasi. Huyo Jefferson aliyesema Terence hakuwa mtu wetu angekuwa na la kujibu.

Mwaka huo huo wa fahari alipoteza kazi. Wilberforce ilikuwa na ukata na mivutano ya ndani, na kiti chake kiliondolewa. Miaka iliyofuata aliishi kwa kalamu na kwa mshahara wa mkewe, akifundisha katika seminari ya kanisa iliyokuwa jirani. Mwaka 1894 chuo kilimwajiri kijana aliyetoka masomoni Berlin kufundisha Kilatini na Kigiriki: W. E. B. Du Bois. Alikaa miaka miwili akaondoka, na mwaka 1897 Scarborough akarudishwa. Toka 1908 mpaka 1920 alikuwa rais wa chuo.

Wakati huo upepo ulikuwa umebadilika ndani ya jamii ya weusi yenyewe. Booker T. Washington, mkuu wa chuo cha ufundi cha Tuskegee, katika kitabu chake cha mwaka 1901 alisema kwa masikitiko kuwa baada ya uhuru weusi walishikwa na tamaa mbili: kujifunza Kigiriki na Kilatini, na kupata vyeo serikalini. Alisimulia alivyomkuta kijana kwenye kibanda kichafu, nguo zina mafuta, anasoma sarufi ya Kifaransa. Washington alitaka ufundi kwanza: matofali, seremala, kilimo, usafi. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi, maana watu walikuwa na njaa. Lakini matajiri wa Kaskazini waliipokea kwa furaha ambayo ilipaswa kumtia mashaka, wakamwaga fedha Tuskegee na Hampton, chuo kingine cha mtindo huo, huku vyuo kama Wilberforce vikiombaomba. Scarborough, fundi viatu aliyekuwa profesa, hakudharau kazi ya mikono. Alichokataa ni kuambiwa kuwa ufundi ndio kikomo. Aliandika makala baada ya makala kudai kwamba Mweusi apewe elimu yote, na kila mmoja afike pale kichwa chake kinapoweza kumfikisha.

Mabishano hayo yalifika mpaka kwetu. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes, ikiongozwa na Thomas Jesse Jones aliyewahi kufundisha Hampton, ilizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, ikazishauri serikali za kikoloni ziige mfano wa Hampton na Tuskegee: elimu ya kijiji, kilimo, ufundi, afya. Mwaka uliofuata ilifunguliwa Jeanes School huko Kabete kuwaandaa walimu wa mtindo huo. Mjumbe wa tume aliyependwa kuliko wote alikuwa James Aggrey wa Gold Coast, na umati ulikusanyika kumsikiliza kila alipopita. Aggrey alipata elimu yake Livingstone College, North Carolina, akahitimu mwaka 1902, na elimu aliyoipata huko ilikuwa ya Kigiriki na Kilatini. Kwa hiyo mtu aliyetumwa kuwaonyesha Waafrika Mashariki ubora wa elimu ya jembe alikuwa mwenyewe ni zao la ile elimu nyingine. Wakoloni walimwona Aggrey wakaona faida ya Tuskegee. Sijui kama kuna aliyeuliza ni Tuskegee gani iliyomtoa.

Mwezi Desemba 1909 Chama cha Filolojia kilikutana Baltimore. Scarborough wakati huo alikuwa rais wa chuo kikuu, mwanachama wa miaka ishirini na saba. Hoteli iliyopangiwa chakula cha wajumbe ilikataa kukiandaa kama Mweusi atakuwapo. Chama hakikuhamisha karamu. Hakikupiga kelele. Scarborough akabaki nyumbani. Ninaposoma habari hii kinachoniumiza ni ule ukimya wa wenzake kuliko ubaguzi wa mwenye hoteli, ambao ulitarajiwa. Hawa walikuwa watu waliotumia maisha yao wakisoma Sophocles, wakiwafundisha vijana habari za Antigone aliyeivunja amri ya mfalme kwa sababu ya haki iliyo juu zaidi. Saa ya kutenda ilipofika waliketi wakala.

Alifariki tarehe 9 Septemba 1926. Wasifu aliouandika mwenyewe haukupata mchapishaji, ukabaki katika hali ya maandishi ya taipu mpaka mwaka 2005, ulipotolewa kwa kazi ya Michele Valerie Ronnick, profesa wa lugha za kale Detroit, ambaye amewatafuta wasomi weusi wa Kigiriki mmoja baada ya mwingine kwenye makabrasha ya vyuo na makanisa. Hati za Greener, ikiwemo shahada yake ya Harvard, zilionekana ndani ya dari ya nyumba iliyokuwa ikibomolewa Chicago. Habari zake zilitangazwa mwaka 2012. Chama cha Lugha za Kisasa sasa kinatoa tuzo kila mwaka yenye jina la Scarborough.

Somo lenyewe limekuwa na bahati mchanganyiko. Howard University ya Washington ilifundisha lugha za kale tangu kuanzishwa kwake mwaka 1867. Frank Snowden alifundisha hapo miongo mingi, akaandika *Blacks in Antiquity*, kitabu cha mwaka 1970 kilichokusanya ushahidi wa michoro, sanamu na maandishi kuhusu Waafrika katika ulimwengu wa Wagiriki na Waroma. Toni Morrison alipitia madarasa ya idara hiyo alipokuwa mwanafunzi Howard, kabla ya kuhitimu mwaka 1953, na anayezisoma riwaya zake akiwa na Euripides mkononi ataona alichokichukua. Mwaka 2021 Howard ilitangaza kuivunja idara hiyo, ya mwisho iliyosalia katika vyuo vikuu vya weusi, na kuwagawa walimu wake katika idara nyingine. Uongozi ulitaja vipaumbele. Wanafunzi waliandamana kwa barua na sahihi, wengi wao weusi, wakitetea haki ya kukisoma Kigiriki katika chuo chao wenyewe. Na *First Lessons in Greek* imechapishwa upya, kama ilivyokuwa mwaka 1881, mazoezi yake yote yakiwemo, kwa mwanafunzi yeyote anayetaka kuanza na Xenophon.